Kabla Adui Hajapata Kiti

Februari iliyopita nilihesabu kumi na tisa.
Siku ya nne baada ya kuwatenga na mama yao,
siku ile ile, kama deni lenye tarehe,
mharo uliwashika: maji ya rangi ya majivu,
mikia iliyolegea, macho yaliyozama.
Ardhi ya Podlasie ilikuwa chuma, jembe liliteleza.
Lori la mizoga likaja Jumanne.
Dereva hakuzima injini,
akanipa karatasi nitie sahihi
kana kwamba amenunua kitu.

Dawa tulikuwa nayo. Tulikuwa nayo kila mwaka,
na kila mwaka ilichoka kidogo,
mbwa mzee anayebweka akiwa amelala.

Kwa hiyo Kalina aliporudi kutoka chuoni Olsztyn
na pakiti ya unga mweupe ndani ya koti,
akasema, "Mama, hawa ni bakteria,"
nilicheka hadi paka akaondoka jikoni.
Nyumba inaungua, nawe unaniletea moto?

Hakujibu. Alinishusha stoo ya chini,
kwenye pipa la kabichi la bibi yake Genowefa,
akaondoa jiwe, akaondoa ubao,
povu likapumua.
"Sikiliza," akasema.
Nami, mwanamke wa miaka hamsini na sita,
nikainama kusikiliza kabichi.
Tsss. Tsss.
"Ndio hawa, au binamu zao.
Umewala tangu hujaota meno."

Akanieleza kwa lugha ya nyumbani:
utumbo wa aliyezaliwa leo ni ukumbi mtupu,
viti vimepangwa ukutani, hakuna aliyeketi.
Anayewahi ndiye mwenye kiti.
Akiwahi mwovu, anakaa, anaalika ukoo,
anapasua mabomba, maji yote yanatoka.
Wakiwahi hawa, wanamaliza chakula chake,
wanajaza ukumbi uchachu asioupenda,
naye anapita kiti hadi kiti
na sumu yake mkononi, hana pa kuitua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikujua mgeni anaweza kuwa mdogo hivyo.

Machi, usiku, nguruwe wa kwanza akazaa.
Tukangoja wanyonye dang'a, kwanza dang'a,
hilo Kalina hakutaka mjadala.
Kisha maji vuguvugu (si ya moto, utawaua),
unga, bomba la sindano lisilo na ncha,
tone juu ya ulimi, mmoja mmoja,
kumi na wanne, wakipiga kelele
kama tunawaibia.
Mikono yangu ilinuka maziwa yaliyolala.
Kila asubuhi hivyo hivyo, na tena kwenye pumba
Aprili, siku walipotengwa.

Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu sikulala.
Ya nne niliingia bandani na tochi
nikapiga magoti, mimi ninayepiga magoti kanisani tu,
nikachunguza mavi.
Yalikuwa yameshikana. Ya kahawia, yenye umbo,
mavi mazuri. Nikamwita Kalina kwa sauti
ambayo sikuitoa hata siku ya harusi yangu.

Si wote. Yule mwenye sikio lililochanika
alikufa siku ya sita, na wawili walihara
kisha wakarudi kwenye hori kimyakimya.
Kalina aliandika yote daftarini, hata yule mmoja,
yule hasa.
"Huyu ndiye ana la kunifundisha," alisema.

Na ninajua: Septemba lori jingine litakuja,
nami nitatia sahihi nyingine.
Sijidanganyi kwamba nimewaokoa.
Nimewapa kiangazi kimoja na tumbo tulivu.

Jioni nilipakua kabichi sahanini.
Ilikuwa bado inatoa povu, ukingoni.
Nimeila maisha yangu yote bila salamu.
Nilishika uma, nikangoja kidogo,
nikasema polepole, Genowefa asisikie:
karibuni. Ketini.